Vifaranga na Dawa ya Kizito

Jumamosi hiyo asubuhi Nabwile alikuwa amemshika mdogo wake miguu, na mama yao, Bilha, amemshika kichwa, mgeni wasiyemjua alipoingia uani.

"Hodi hapa," mgeni alisema, ingawa tayari alikuwa katikati ya ua. Alikuwa mwanamke kijana aliyevaa sweta ya buluu, begi begani, viatu vimejaa matope ya Kanduyi. Hakumtazama mtu usoni. Alitazama kile Bilha alichokuwa ameshika mkononi: unyoya wa kuku uliochovywa kwenye mafuta ya uvuguvugu.

"Mama, nakuomba," alisema. "Usiutie huo sikioni."

Bilha aliinua uso. "Na wewe ni nani?"

"Naitwa Jepkosgei. Nimetoka Kitale jana, nimehamishiwa zahanati ya hapa. Nimeambiwa wewe ndiwe mwenye ufunguo wa chumba kile cha kukodi. Lakini nimemsikia huyu mtoto akilia tangu kule barabarani."

"Analia sikio. Sisi hapa sikio tunasafisha na unyoya. Mama yangu alinisafisha hivi hivi, na ninasikia vizuri. Si nimekusikia?"

Mgeni akacheka. "Umenisikia, mama. Basi niruhusu nimwangalie kwanza. Nikishindwa, unyoya wako hauendi mahali."

Bilha naye alicheka bila kutaka, akauweka unyoya kando.

Kizito alikuwa na umri wa miaka mitatu. Kwa wiki nzima alikuwa na mafua, pua ikichuruzika. Tangu jana mwili ulikuwa moto, uji ameukataa, na kila mara aliuvuta ule upande wa kushoto wa kichwa chake akilia. Jepkosgei aliuliza mambo hayo yote moja baada ya jingine, kisha akamwonyesha Bilha namna ya kumpakata mtoto: mkono mmoja uzuie mikono yake, mwingine ukikaze kichwa kifuani ili kisitikisike. Akatoa begini tochi ndogo yenye ncha kama faneli. Alianza na sikio lililo zima. Alichungulia, akatikisa kichwa kwa kuridhika, kisha akamgeuza mtoto polepole na kuchungulia lile jingine.

"Njoo uone," alimwambia Nabwile.

Nabwile alisogea. Ndani ya sikio zima aliona kitu chembamba cha kijivu, kinachong'aa kama ganda la ndani la kitunguu. Ndani ya sikio la kushoto, kitu hicho kilikuwa chekundu, kimevimba kama tumbo la kupe aliyeshiba.

"Hicho kinaitwa kiwambo," Jepkosgei alieleza. "Nyuma yake kuna chumba kidogo, na chumba hicho kina mfereji unaoshuka hadi kooni. Mtoto akipata mafua, mfereji unaziba. Vijidudu vinabaki mle ndani, usaha unajaa, unasukuma kiwambo. Ndiyo maana anaumia. Sasa mama, unyoya wako na mafuta vinaishia upande huu. Usaha uko upande ule."

Bilha akautupa ule unyoya.

Asubuhi hiyo hiyo Jepkosgei aliwapeleka zahanati, kabla hata hajakiona chumba alichokuja kukitafuta. Walirudi na chupa mbili. Moja ilikuwa ya kutuliza maumivu na homa. Ya pili ilikuwa na unga wa dawa ya kuua vijidudu. Bilha alichemsha maji, akayaacha yapoe, akayatia mpaka kwenye mstari uliochorwa, kisha akatikisa. Dawa ikawa nzito, ya rangi ya waridi.

"Asubuhi na jioni, siku tano," Jepkosgei alisema. "Na mnisikilize vizuri. Ataacha kulia kabla dawa haijaisha. Msidanganyike. Vijidudu vinakuwa vimepungua tu, havijaisha. Nani atakuwa akimpa?"

Kila siku Bilha aliondoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri kwenda kibandani kwake kando ya barabara, kupika chai na chapati. Baba yao, Makokha, aliendesha trekta katika shamba la mahindi huko Kachibora, na kuja nyumbani kila mwisho wa mwezi. Kila asubuhi Nabwile ndiye aliyemwamsha Kizito, akamwosha, akampitisha kibandani kwa mama akienda shule, na kumchukua tena saa kumi.

"Mimi," alisema Nabwile. Alikuwa darasa la sita, na alijiona mtu mzima.

Jumapili mambo yalikwenda vizuri. Jumatatu asubuhi Kizito aliamka akimkimbiza paka, akala chapati mbili bila kubembelezwa. Nabwile alifurahi, akatoka nje kumfungulia kuku wake.

Kuku huyo alikuwa wake kabisa. Alipewa na nyanya yake wa Kibabii, ambaye wao walimwita Kukhu, siku aliyoshika nafasi ya tatu darasani. Kuku alikuwa ametotoa vifaranga tisa, na Nabwile alikijua kila kimoja kwa madoa yake. Asubuhi hiyo, vifaranga vilisimama vimejikunyata, mbawa zimelegea, macho yamefumba. Kimoja kililala ubavu. Alipokigusa kilikuwa kimekauka.

Shuleni alimweleza Sandra, rafiki yake wa dawati moja.

"Si uwape dawa, bana," Sandra alisema. "Kwetu baba hufungua zile tembe za rangi mbili, anamwagia kwa maji ya kuku."

"Na hupona?"

"Wengine hupona. Dawa ni dawa. Ati kuku atajua hii ni ya watu?"

Jioni Nabwile alimpa Kizito kijiko chake. Kisha akasimama na chupa mkononi, akikiangalia kifaranga cha madoa meusi kikitetemeka karibu na mlango. Kizito alikuwa akiimba peke yake mchangani. Mtu anayeimba anaumwa nini? Nabwile alimimina dawa kidogo kwenye kifuniko cha kopo, akaviita vifaranga. Vilikunywa matone machache.

Jumanne asubuhi viwili vingine vilikuwa vimekufa. Safari hii Nabwile hakupima. Alimimina dawa nyingi kwenye kifuniko, akavishika kimoja kimoja na kuvidondoshea mdomoni. Alipoinua chupa aliona imeshuka sana. Mama angeuliza. Alifungua mtungi wa maji, akajaza chupa mpaka pale ilipokuwa jana, akaitikisa hadi ikatoa povu. Ule uwaridi ukawa hafifu.

Alimpa Kizito kijiko. Kizito alilamba midomo, akamtazama dada yake kwa mshangao.

"Nabi, si tamu."

"Ni tamu," Nabwile alisema upesi. "Kunywa."

Jumatano jioni chupa ilikuwa imebakiza matone tu, na vifaranga vilikuwa vimebaki viwili.

Alhamisi homa ilirudi. Kizito alilia mchana kutwa kibandani, wateja wakawa wanakunywa chai wakimtazama kwa huruma. Ijumaa asubuhi Nabwile alipomwamsha, mto ulikuwa umelowa. Usaha wa manjano ulikuwa ukitoka katika sikio lake la kushoto, ukishuka shavuni hadi shingoni.  Nabwile alikimbia kibandani kumwita mama.

Zahanati ilikuwa imejaa. Akina mama walikaa kwenye benchi ndefu, na mlango wa chumba cha daktari ulikuwa wazi, kila neno likisikika. Jepkosgei aliliangalia sikio kwa muda mrefu.

"Kiwambo kimetoboka," alisema. "Mama Nabwile, dawa mliimaliza?"

"Haki ya Mungu, daktari, imeisha. Siku zote tano."

"Hakuna siku mliyoruka?"

"Hata moja. Chupa hii hapa, nimekuja nayo."

Jepkosgei aliinua chupa kwenye mwanga wa dirisha. Matone yaliyobaki chini yalikuwa meupe kama maji ya kuoshea mchele. "Maji yalipimwa na nani?"

"Na mimi," Bilha alisema.

Mwanamke mmoja kwenye benchi alimnong'oneza mwenziwe, lakini kwa sauti ya kusikika. "Si unajua watu. Wanaongeza maji ndio dawa ikae siku nyingi."

Bilha aliinamisha kichwa. Nabwile alikuwa amesimama nyuma yake, akiutazama ufa uliokuwa sakafuni. Aliufuata ufa ule kwa macho kutoka ukutani hadi mguu wa meza, na kutoka mguu wa meza hadi ukutani.  Alijua la kusema. Lilikuwa jambo fupi. Hakulisema.

"Mimi ninaliamini neno lako, mama," Jepkosgei alisema. "Basi kama alikunywa dawa yote na bado hali ni hii, ina maana vijidudu vyake vimeizoea. Itabidi apewe dawa nyingine kali zaidi, ya sindano, na hatuna hapa. Nitaandika barua. Kesho mapema mumpeleke hospitali kubwa."

Walitoka. Bilha alimfunga Kizito mgongoni kwa leso na kushika njia ya nyumbani. Nabwile alifuata nyuma. Aliita, "Kizito!" akiwa upande wa kushoto. Mtoto hakugeuka. Aliita tena, kwa sauti zaidi. Kizito aliendelea kutazama mbele.

Mara Bilha akasimama.

"Nabwile," alisema bila kugeuka, "ni mimi. Siku hizi macho yangu hayaoni vizuri. Nafikiri nilipitisha maji juu ya ule mstari. Yule mama wa kwa benchi hakukosea. Nimemharibu mtoto wangu sikio kwa mikono yangu."

Akajifuta macho kwa ncha ya leso. Nabwile hakuwahi kumwona mama yake akilia. Hata mahindi yalipoteketea, hata baba alipovunjika mkono, hakulia.

"Mama, si wewe," Nabwile alisema.

"Ni mimi."

"Si wewe, mama! Niliwapa vifaranga. Niliona Kizito anaimba, nikadhani amepona, nikawapa vifaranga dawa yake. Halafu nikajaza maji ya mtungi. Yeye aliniambia si tamu. Mimi nikamwambia ni tamu."

Lori la miwa lilipita, likawaachia vumbi. Nabwile alifumba macho akingojea kofi. Halikuja. Alipoyafumbua, mama yake alikuwa akimwangalia kana kwamba anamtafuta mtu mwingine aliyemfahamu.

"Nilikaa pale," Bilha alisema polepole, "watu wananisema. Na wewe ulikuwa nyuma yangu."

"Ndiyo, mama."

"Ulinisikia nikiapa."

"Ndiyo."

Bilha alimpandisha Kizito vizuri mgongoni. "Turudi. Na huko utasema wewe."

Akina mama walikuwa bado kwenye benchi ile ile. Yule aliyenong'ona alikuwa pale pale, anamnyonyesha mtoto wake. Nabwile alisimama mlangoni pa chumba cha daktari. Masikio yalimwaka moto. Alitamani aseme kwa sauti ya chini, lakini alikumbuka kwamba mama yake alisemwa watu wote wakisikia.

"Daktari, si mama aliyeongeza maji," alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Ni mimi. Niliwapa kuku dawa ya Kizito. Jumatatu kidogo, Jumanne nyingi. Mama hakujua."

 Mtu kwenye benchi akasema, "Kuku? Woi!" Na kicheko kikapita. Nabwile alikiacha kimpite.

Jepkosgei hakucheka. Aliuliza siku, akauliza asubuhi au jioni, akaandika kila kitu. Mwishowe akaichukua ile barua ya hospitali kubwa, akaikunja na kuitia kwenye droo.

"Unajua ulichofanya sasa hivi?" alimwuliza Nabwile. "Nilikuwa karibu kumpeleka ndugu yako akapewe dawa kali asiyoihitaji. Vijidudu vyake havikuizoea dawa yetu. Havikuipata. Tutaanza upya na ile ile, na safari hii itafanya kazi. Na hao vifaranga?"

"Vimebaki viwili."

"Nafikiri ni kideri. Kideri hakisikii dawa hii hata ungewapa ndoo. Huzuiwa kwa chanjo, kabla ugonjwa haujaingia. Kwa hivyo Kizito alikosa, na kuku nao hawakufaidi."

Hilo lilimchoma Nabwile kuliko kile kicheko.

"Atasikia tena?" aliuliza.

"Tundu ni dogo. Mara nyingi kiwambo hujifunga chenyewe katika wiki chache, mradi sikio libaki kavu. Usaha ukikaa humo, ndipo mtoto anapoanza kupoteza usikivu. Njoo hapa."

Alichukua kipande cha kitambaa safi cha pamba, akakiviringisha kati ya vidole mpaka kikawa utambi wenye ncha laini. Akauingiza taratibu sikioni mwa Kizito, akaungoja ulowe, akautoa, akautupa. Akaviringisha mwingine. Na mwingine. Wa nne ulitoka bila unyevu.

"Hivyo. Asubuhi, mchana na jioni, kila siku, mpaka usaha uishe. Si kijiti, si unyoya, si mafuta. Na maji ya kuoga yasiingie."

"Nitafanya mimi," Nabwile alisema. "Mara tatu. Mpaka likauke."

"Usiniahidi mimi. Mwahidi mama yako."

Nabwile alimgeukia mama yake, akarudia maneno yale yale. Bilha alimtazama.

"Tutaona," alisema.

Neno hilo Nabwile alitembea nalo wiki nzima. Mama sasa alimpa Kizito dawa mwenyewe, kibandani, chupa akiifunga kwenye kisanduku. Hakumgombeza Nabwile, wala hakumtania kama zamani. Kila saa sita na nusu kengele ilipolia, Nabwile alikimbia hadi kibandani, akanawa mikono kwa sabuni, akampakata Kizito na kuviringisha tambi zake. Kizito alitulia kwake tu, kwa sababu Nabwile alimsimulia habari za kifaranga cha madoa kilichokwenda kununua viatu. Jumanne Bilha alipojaribu kuanza kabla Nabwile hajafika, mtoto alipiga mateke hadi sufuria ya chai ikamwagika.

Habari zilikuwa zimefika shuleni. "Daktari wa kuku!" wavulana walimwita. "Niaje, daktari? Jogoo wetu anaumwa jino!"

Sandra hakucheka nao, ila alikaa mbali kidogo. Siku moja alimfuata langoni. "Lakini mimi ndiye nilikuambia," alisema.

"Wewe uliniambia habari za kuku," Nabwile alijibu. "Hukuniambia nimdanganye Kizito."

Alhamisi ile darasa la sita lilikuwa na safari ya Kitale, kwenda kwenye jumba la makumbusho. Tangu Januari walikuwa wakiambiana kuhusu nyoka walioko huko, na mamba, na kobe wakubwa. Nabwile hakuwa amewahi kuvuka Webuye. Basi lingeondoka asubuhi na kurudi jioni sana.

Jumatano jioni Jepkosgei alitoka katika chumba chake cha kukodi na tochi yake, akalikagua sikio la Kizito pale uani.

"Homa imekwisha. Wekundu unapungua. Bado kuna unyevu kidogo." Akazima tochi. "Nani anakausha?"

"Nabwile," Bilha alisema.  "Hajaruka hata mara moja."

Jepkosgei alikaa kwenye kigoda karibu na msichana. "Sikiliza, Nabwile. Watu wanafikiri sisi tunaona ugonjwa kwa tochi tu. Tochi ilinionyesha tundu. Haikunionyesha sababu. Nusu ya ugonjwa mgonjwa anatuambia kwa mdomo wake, na akitudanganya tunatibu kitu ambacho hakipo. Ulikosa ulipochukua dawa, ukakosa zaidi uliponyamaza. Lakini uliposema kweli, ndipo matibabu ya Kizito yalipoanza. Na dawa, ikiwa umeambiwa siku tano, ni siku tano, hata mgonjwa akiimba."

Nabwile aliitikia kwa kichwa huku akiangalia miguu yake.

Jepkosgei alipoondoka, Bilha alisema, "Kesho ni safari yenu. Nenda, nitamkausha mimi."

"Atakupiga mateke, mama."

"Nitajaribu."

Nabwile alimjua mama yake. Angejaribu, mikono imejaa unga, wateja wakiita chai, mtoto akilia, na mwishowe angesema labda jioni. Alifikiria nyoka wa Kitale. Aliwafikiria sana.

"Sitaenda," alisema.

Asubuhi ya Alhamisi alikuwa kibandani, Kizito mapajani mwake, wakati basi la shule lilipotokea kwenye njia panda ya Kanduyi. Dereva alipiga honi. Wenzake walijaa madirishani wakipiga kelele na kupunga mikono, na Sandra aliita jina lake. Nabwile aliinua macho mara moja tu. Hakupunga mkono, kwa kuwa mkono mmoja ulikuwa umelishika sikio na wa pili ulikuwa na utambi. Basi lilipinda kona kuelekea Webuye, na sauti yake ikapotea.

"Nabi," Kizito alisema, "alinunua viatu vya rangi gani?"

"Vyekundu. Tulia."

Bilha aliacha kusukuma chapati. Alinawa mikono, akaja akasimama karibu, akawa anamviringishia kitambaa na kumpa.

Utambi wa kwanza ulitoka umelowa kwenye ncha. Wa pili ulikuwa na unyevu kidogo tu. Wa tatu Nabwile aliuacha ndani mpaka alipohesabu hadi thelathini, kisha akauvuta taratibu na kuuinua kwenye mwanga, yeye na mama yake wakautazama pamoja. Ulikuwa mkavu, mweupe kama ulivyoingia.